Dawa za Sonona kwa Vijana: Usalama Wake na Hukumu Yake

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), aliyejaalia kila maradhi kuwa na dawa yake. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Miongoni mwa masuala yanayozidi kuwafikia maimamu wa misikiti yetu ni hili: kijana wa miaka 16 au 20 amepelekwa hospitali, daktari amesema ana ugonjwa wa sonona na amemwandikia vidonge. Wazazi wamesikia kwa watu kwamba vidonge hivyo vinaweza kumtia kijana fikra za kujiua. Wanamwendea imamu na kumuuliza: anywe au asinywe?

Swali hili lina pande mbili. Upande mmoja ni wa madaktari, nao ni kujua dawa inafanya nini mwilini na hatari yake ni kiasi gani. Upande wa pili ni wa mafaqihi, nao ni kujua hukumu ya kujitibu, ya mzazi kukataa tiba na ya mtu kutoa amri katika jambo asilolijua. Kosa tunaloliona mara nyingi ni imamu kujibu upande wa kwanza kwa elimu ya upande wa pili. Katika makala hii tutaeleza pande zote mbili kadiri Allah alivyotuwezesha.

Sonona si udhaifu wa imani

Sonona siyo huzuni ya siku mbili tatu baada ya kufeli mtihani au kufiwa. Ni hali inayomshika mtu kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku. Hufurahii tena kilichokuwa kinakufurahisha, usingizi huharibika, chakula hakina ladha, mwili huwa mzito, akili haitulii kwenye jambo moja, na mtu hujiona hana thamani. Kwa vijana huenda isionekane kama huzuni kabisa. Huonekana kama hasira za mara kwa mara, kujifungia chumbani, kukimbia shule au kuacha swala aliyokuwa akiidumisha. Mzazi humwita mtoto wake mtukutu, kumbe ni mgonjwa.

Wapo wanaosema kuwa muumini wa kweli hapatwi na hali hii. Kauli hiyo haina msingi. Qur'ani Tukufu katika Sura Yusuf imetueleza jinsi Nabii Ya'qub (a.s.) alivyopoteza nuru ya macho yake kwa huzuni, na hakuna anayethubutu kusema kuwa imani yake ilikuwa dhaifu. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akiomba kinga kwa Allah kutokana na hamu na huzuni, kama ilivyopokewa na Bukhari, na hakuna anayeomba kinga na jambo lisiloweza kumfika mtu. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akiagiza wafiwa wapikiwe talbina, uji wa shayiri, kwa kuwa alimsikia Mtume (s.a.w.) akieleza kuwa inautuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa sehemu ya huzuni. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Tazama jinsi huzuni ya moyo ilivyotibiwa kwa kitu kinachoingia tumboni.

Hata Imam Ghazali (Allah amrehemu), ambaye vitabu vyake vinasomwa katika darsa zetu hadi leo, alipatwa na hali nzito mwaka 488 Hijria (1095) alipokuwa akisomesha Nidhamiya ya Baghdad. Yeye mwenyewe ameeleza katika Al-Munqidh mina-dhalal kwamba ulimi wake ulifungika akashindwa kudarasisha, na chakula kikawa hakipiti. Waliomtibu walikata tamaa na dawa zao, wakasema maradhi yameanzia moyoni na kuhamia mwilini.

Aliyewatangulia wengi katika kuifafanua hali hii ni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934). Kitabu chake Masalih al-Abdan wal-Anfus kina sehemu mbili, ya kwanza inahusu afya ya mwili na ya pili, yenye milango minane, inahusu afya ya nafsi. Hati yake ya mkono ilihifadhiwa katika maktaba ya Ayasofya, Istanbul. Al-Balkhi aliigawa huzuni katika aina mbili. Ipo ambayo sababu yake inajulikana, kama kupotelewa na mpendwa au mali. Na ipo inayomjia mtu bila ya yeye kujua sababu, nayo aliinasibisha na mabadiliko ya damu, akasema ishughulikiwe kwa tiba ya mwili pamoja na maneno ya kuichangamsha nafsi. Madaktari wa leo hawagawi hivyo, wao hutazama zaidi uzito wa ugonjwa kuliko sababu yake, na habari ya damu wameiacha. Lakini ule msingi wa kwamba huzuni inaweza kuwa na mzizi wa kimwili, na hivyo ikatafutiwa dawa ya kunywa, si bidaa iliyoletwa na Wazungu. Umo katika turathi zetu tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Madaktari wamegundua nini?

Hofu ya wazazi haikuzuka hivi hivi. Mwezi Juni 2003 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitangaza kuwa dawa iitwayo paroksetini isitumiwe kutibu sonona kwa walio chini ya miaka 18. Desemba ya mwaka huo huo onyo likapanuliwa kwa dawa nyingine nyingi za kundi lake, isipokuwa moja tu, fluoksetini. Oktoba 2004 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ikaamuru dawa zote za sonona ziwekewe onyo kali ndani ya mstari mweusi kwenye maelezo yake.

Onyo hilo lilitokana na majaribio 24 yaliyohusisha watoto na vijana zaidi ya 4,400. Baadhi yao walipewa dawa na wengine walipewa kidonge kitupu kisicho na dawa ndani, bila ya mgonjwa kujua amepewa kipi. Katika waliopewa dawa, takriban 4 katika kila 100 walipata fikra au vitendo vya kujiua. Katika waliopewa kidonge kitupu walikuwa 2 katika kila 100. Hakuna hata mmoja katika majaribio hayo aliyekufa kwa kujiua.

Hapa pana mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza, hatari ipo na si uzushi. Anayewaambia wazazi kuwa dawa hizi hazina neno lolote anawadanganya. La pili, wale 2 katika 100 hawakumeza dawa yoyote na bado fikra hizo ziliwajia. Sonona yenyewe ndiyo inayoua. Kumnyima kijana tiba si kumweka mahali pa salama, ni kumwacha na hatari nyingine.

Baada ya maonyo hayo madaktari wa Marekani walipunguza kuwaandikia vijana dawa hizi, na kati ya mwaka 2003 na 2004 vifo vya kujiua kwa vijana wa nchi hiyo vikaongezeka. Watafiti wamehitalifiana hadi leo iwapo jambo la kwanza lilisababisha la pili. Sisi hatuoni dalili ya kukata shauri, ila inatosha kumfanya mtu mwenye hekima asiseme haraka kwamba kuacha dawa ndiko salama.

Mwaka 2007 onyo la Marekani liliongezwa hadi kuwafikia watu wa umri wa miaka 24. Jambo hili linawahusu wanafunzi wa fiqhi. Kwetu mtu hubaleghe kwa alama zake, au kwa kutimiza miaka 15 ya mwezi mwandamo kwa mujibu wa madhehebu ya Imam Shafii, na huwa mukallaf. Lakini katika mas-ala haya kijana ni mpaka miaka 24. Mwanafunzi wa chuo kikuu na hata bwana harusi mpya wanaingia katika tahadhari hii.

Je, dawa hizi zinasaidia? Zote si sawa. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa vijana 439 wa Marekani wenye umri wa miaka 12 hadi 17. Baada ya wiki 12, waliopata nafuu kwa kidonge kitupu walikuwa asilimia 35. Kwa tiba ya mazungumzo pekee walikuwa asilimia 43, kwa fluoksetini pekee asilimia 61, na kwa waliopewa fluoksetini pamoja na tiba ya mazungumzo walikuwa asilimia 71. Mwaka 2016 majaribio 34 ya dawa 14 yalikusanywa na kulinganishwa, na iliyoonekana wazi kushinda kidonge kitupu kwa watoto na vijana ilikuwa ni fluoksetini peke yake.

Tofauti na hiyo ni habari ya paroksetini. Mwaka 2001 ilichapishwa makala iliyodai kuwa dawa hiyo inawafaa vijana na haina madhara makubwa, kutokana na jaribio la vijana 275. Watafiti wasiohusika na kampuni walipozichambua upya takwimu zile zile mwaka 2015, waliona haikushinda kidonge kitupu na madhara yake yalikuwa zaidi ya yalivyoelezwa. Wanafunzi wa hadithi wanaijua tadlisi na jinsi mpokezi anavyoweza kuficha kasoro ili isnadi ipendeze. Na madaktari nao wanahitaji elimu yao ya jarhi na taadili.

Amitriptilini ni dawa ya zamani, ni rahisi, na zahanati nyingi za kwetu haikosekani. Watu huiona ni mbadala. Kwa vijana siyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema dawa za kundi lake zisitumiwe kwa watoto na vijana wenye sonona, kwani manufaa yake kwao hayakuthibiti na mtu akimeza vidonge vingi kwa pamoja huweza kuusimamisha moyo. Mwongozo huo huo hauruhusu dawa za sonona kwa watoto chini ya miaka 12. Kwa waliotimiza miaka 12 unataka ianzwe tiba ya mazungumzo, na isipofaa ndipo fluoksetini ifikiriwe kwa ushauri wa mtaalamu.

Hukumu ya kujitibu

Katika hadithi ya Usama bin Sharik (r.a.), waliyoipokea Abu Daud, Tirmidhi na wengineo, mabedui walimuuliza Mtume (s.a.w.) kama watafute tiba, naye akawaruhusu na kuwafahamisha kuwa Allah hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Imam Nawawi katika Al-Majmuu ameeleza kuwa kujitibu ni sunna. Wanazuoni wengi wa Kihanafi na Kimaliki wamesema ni mubaha. Na 'Izzuddin bin Abdis-Salam amefananisha utabibu na sheria, kwa kuwa vyote viwili vimewekwa kuleta maslahi na kuondoa madhara.

Mwezi Mei 1992 Baraza la Fiqhi la Kimataifa, lililo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, lilikutana Jeddah na kulifafanua jambo hili katika azimio lake namba 67. Asili ya kujitibu ni ruhusa, kisha hukumu hubadilika kulingana na hali. Ni wajibu iwapo kuacha kutaangamiza nafsi au kiungo. Ni sunna iwapo kuacha kutaudhoofisha mwili bila kufikia hapo. Ni mubaha pasipokuwa na hali hizo mbili. Na ni makruhu iwapo tiba yenyewe inahofiwa kuleta madhara makubwa kuliko ugonjwa.

Ukiiweka sonona katika mizani hii utaona kuwa haina hukumu moja. Sonona nyepesi ya kijana anayekwenda shule na kula na kulala, kumwanzishia vidonge siku ya kwanza kunakaribia ile hukumu ya nne, na madaktari wenyewe wanasema asianzishiwe. Sonona nzito ya kijana asiyekula, anayesema heri angekufa, inaingia katika ile ya kwanza. Tofauti baina ya hizo mbili haijulikani kwa kumtazama kijana usoni baada ya swala ya Ijumaa. Daktari ndiye anayeipima.

Azimio hilo hilo limegusa idhini. Mgonjwa mwenye ahlia kamili, idhini ni yake. Kwa hiyo kijana aliyebaleghe mwenye akili timamu hapewi dawa kwa siri ndani ya chai, kama wafanyavyo baadhi ya wazazi. Asiye na ahlia, idhini ni ya walii wake. Lakini walii akikataa tiba, na kukataa kwake kukawa na madhara ya wazi kwa aliye chini yake, kukataa huko hakuzingatiwi, na haki huhamia kwa mawalii wengine kisha kwa mtawala. Baba anayesema "mwanangu hatumii dawa za wendawazimu" na aijue hukumu hii.

Mwenye kuamuru kuacha dawa

Hapa ndipo tunapotaka ndugu zetu maimamu watulie nasi. Wapo wanaomwambia kijana: acha vidonge, njoo usomewe ruqya. Ruqya ya kisheria ni haki na ina baraka, na hakuna daktari mwenye akili anayeizuia. Ila hakuna dalili ya kuwa kusoma kunahitaji kuacha dawa. Aliyesoma Suratul-Fatiha juu ya mguu uliovunjika hafungui bandeji.

Kuziacha dawa hizi ghafla kuna madhara yake: kizunguzungu, kichefuchefu, wasiwasi, ndoto za kutisha na hisia kama za umeme kichwani. Na ugonjwa wenyewe unaweza kurudi kwa nguvu. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2005 ulielekeza kuwa kijana aliyepona aendelee na dawa kwa miezi 6 angalau, kisha apunguziwe polepole kwa muda wa wiki 6 hadi 12. Anayesema leo "acha" ametoa amri ya kitabibu, apende asipende. Na Mtume (s.a.w.), katika hadithi waliyoipokea Abu Daud, Nasai na Ibn Majah, amembebesha dhamana mwenye kutabibia hali ya kuwa hajulikani kwa utabibu.

Kipo pia kisa alichokipokea Abu Daud kutoka kwa Jabir (r.a.), cha mtu aliyepasuliwa kichwa na jiwe safarini kisha akaota. Aliwauliza wenzake kama anayo rukhsa ya kutayammam, wakamwambia hawaioni, akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari aliwalaumu kwa ukali na kuwahesabu kuwa wao ndio waliomuua, kwa kuwa hawakujua na hawakuuliza. Isnadi yake imezungumzwa na baadhi ya wanazuoni, lakini maana yake imekubalika. Waliomjibu yule mtu hawakuwa na nia mbaya, walikuwa wanalinda tohara.

Wiki za mwanzo

Kama dawa imeanza, hatari iliyoelezwa hujikusanya zaidi katika wiki za mwanzo na kila kipimo kinapobadilishwa. Nafuu yenyewe huchukua wiki kadhaa kuonekana. Baadhi ya madaktari hueleza kuwa nguvu za mwili hurudi kabla moyo haujachangamka, basi aliyekuwa hana hata nguvu ya kutekeleza fikra mbaya akazipata. Mwongozo ule wa Uingereza ulitaka kijana na wazazi wake waonane na mtaalamu kila wiki kwa wiki 4 za mwanzo. Kwetu jambo hilo ni gumu. Basi jicho la nyumbani na la msikitini lizibe pengo.

Alama za kuangaliwa ni kijana kukosa utulivu, akatembea huku na huku hawezi kukaa, kukosa usingizi kulikozidi, hasira za ghafla, kugawa vitu vyake, kuaga watu au kuzungumzia kifo. Vilevile furaha iliyopita kiasi, maneno mengi ya haraka na kukesha bila kuchoka, kwani huenda ni ugonjwa mwingine uliojificha nyuma ya sonona. Ikionekana mojawapo arudishwe hospitali siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake. Vidonge vikae kwa mzazi, vimefungiwa, atoe cha siku moja moja. Na dawa za panya na za mazao zitolewe nyumbani kabisa.

Imamu anaweza kumuuliza kijana kwa upole na kwa uwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Watu huogopa kuwa swali hilo litamtia fikra. Utafiti umeonyesha halimtii, na wengi huona nafuu kwamba mtu ameuliza.

Masuala madogo yanayoulizwa

Je, dawa hizi ni kilevi? Hapana. Haziondoi akili wala hazileti ulevi, basi haziingii katika hadithi ya Ummu Salama (r.a.) ya kukatazwa kila chenye kulevya na chenye kulegeza. Zisichanganywe na diazepamu na vidonge vya usingizi vya jamii yake, ambavyo mtu huvizoea akawa mtumwa wake.

Kuhusu ganda la jeletini, fluoksetini huja mara nyingi katika vidonge vya ganda. Baraza la Fiqhi lilikataza mwaka 1986 jeletini ya nguruwe katika vyakula. Nadwa ya kitabibu iliyofanyika Kuwait mwaka 1995 iliona kuwa jeletini imegeuka kitu kingine, yaani istihala, na hivyo ni tohara. Palipo na vidonge vya kawaida visivyo na ganda, au ganda la ng'ombe aliyechinjwa kisheria, hivyo ni bora. Visipopatikana, mgonjwa asiache dawa kwa khitilafu hii, kwani dharura ina hukumu yake.

Ramadhani nayo haina tatizo kubwa kwa fluoksetini, kwani hunywewa mara moja kwa siku na hukaa mwilini siku kadhaa. Inaweza kuhamishiwa daku, na daku ni bora kuliko usiku wa mapema kwa anayekoseshwa usingizi nayo. Dawa inayonywewa mara mbili au tatu, daktari aulizwe kabla mwezi haujaandama. Akisema swaumu itamdhuru, aya ya mgonjwa katika Suratul-Baqara inamtosha.

Na mwisho ni dawa za mitishamba. Wauzaji wa dawa za kisunna huuza mbegu za harmal na kuzisifu kwa mashetani na wasiwasi. Ndani ya mbegu hizo zimo kemikali zinazozuia mwili kuvunjavunja serotonini, na fluoksetini nayo huizidisha. Vikikutana, mgonjwa anaweza kupata homa kali, kutetemeka na kuchanganyikiwa, na huenda akafa. Kwa kuwa fluoksetini hukawia mwilini, hata baada ya kuiacha hatari hiyo hubaki kwa wiki kadhaa. Basi kijana amwambie daktari kila anachokunywa, na msomaji wa ruqya amuulize kijana anatumia dawa gani kabla ya kumpa chochote cha kunywa.

Wallahu a'alam.